Mwenye Manyoya Huliliwa, Mwenye Gamba Je?

Kila tarehe 7 Septemba Waaustralia huadhimisha siku ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya thailasini, yule mnyama mwenye milia mgongoni aliyebeba watoto wake mfukoni kama kangaruu. Wa mwisho alifia katika bustani ya wanyama ya Hobart mwaka 1936. Ana picha, ana filamu, na mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba itamfufua maabarani.

Haya, niambieni: nani amewahi kumlilia Lottia alveus?

Huyu alikuwa konokono wa baharini, gamba lake kama kofia, mwenyewe mdogo kama ukucha. Aliishi pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, juu ya majani ya aina moja tu ya nyasi za baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa uliziangamiza nyasi hizo. Zilizopona ni zile zilizoota penye maji ya chumvi kidogo, na konokono wetu hakuyaweza maji hayo. Akatoweka. Wanasayansi walikuja kuliandika jambo hilo mwaka 1991! Miaka sitini marehemu hana hata wa kumuulizia.

Najua nitajibiwa kwamba thailasini aliuawa na binadamu, serikali ya Tasmania ikilipa pauni moja kwa kila mkubwa aliyeuawa, ilhali konokono alikufa kwa kukosa makao. Sawa, hatia si moja. Lakini mimi siulizi nani aliua. Nauliza nani aliona. Hakuonwa kwa sababu hana uso wa kupigwa picha, basi.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna kisingizio. Sarufi tunayofundishwa humweka konokono katika ngeli ileile ya simba: anakula, anazaa, amekufa.

Wala msidhani haya ni ya ng'ambo. Ziwa Tanganyika lina konokono wasiopatikana popote pengine duniani. Milima yetu ya Burundi ikikatwa miti, mvua huteremsha udongo hadi ziwani, na tope hilo hufunika mawe wanamoishi. Wageni wakija Bujumbura tunawapeleka Rusizi kutazama viboko. Konokono hao, nani anawahesabu?