Moyo ukisimama Koboko, mikono kwanza

Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani waliwaacha waokoaji waliovaa glovu wakigusa kifua cha mgonjwa huku mashine ya kushtua moyo ikitoa umeme. Katika mishtuko 43 hakuna aliyeuhisi. Walitaka kujua kama kuna haja ya kuacha kukandamiza kifua wakati wa kushtua.

Tafiti zilizofuata zilitia breki: glovu za kawaida za hospitali si kinga ya kuaminika dhidi ya umeme. Ndiyo maana miongozo bado inataka kila mtu ajitenge na mgonjwa mashine inapofyatua. Lakini fundisho kubwa limebaki. Mikono ikiondoka kifuani, msukumo wa damu kwenye moyo na ubongo huporomoka, na kuurudisha huhitaji makandamizo kadhaa. Kusimama kuwe kwa sekunde chache tu.

Koboko, kilometa zipatazo 55 kutoka hospitali ya rufaa ya Arua, wapo watakaouona mjadala huo kuwa wa anasa. Sivyo. Pasipo na mashine, mikono ndiyo tiba yote iliyopo. Mchuuzi akianguka ghafla mpakani Oraba au Vurra, haitiki wala hapumui, kumpepea na kummwagia maji hakumsaidii. Kumpakia kwenye bodaboda ni kubaya zaidi, kwa sababu hapo hakuna awezaye kumkandamiza kifua hata mara moja.

Kazi yenyewe haina siri: viganja katikati ya kifua, kusukuma chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kupokezana kila dakika 2 kabla mikono haijachoka. Inafundishika alasiri moja, stejini.

Ila ifundishwe kwa lugha gani? Katika masoko hayo Kilugbara hukutana na Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Wizara tatu za afya hazina kisingizio cha kutotoa somo moja la Kiswahili kwa maofisa wa forodha, madereva wa malori na waendesha bodaboda wa pande zote.

Mashine nazo zinunuliwe. Lakini West Nile, iliyokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, inajua kifaa kisicho na chaji kina thamani gani. Fedha za betri na pedi zitengwe siku ileile ya kununua mashine, na jina la mhusika wa kuzikagua libandikwe ukutani.