WASIWASI WA UDHU: TUSIIONEE HAYA DAWA YA HOSPITALI



Ndugu wanafunzi, sote tunamjua yule mwenzetu anayekaa hodhini mpaka swala inakimiwa, naye bado anaosha mkono wa kulia. Anaosha mara 3, anaingiwa na shaka, anaanza upya. Akifika safuni hufunga takbira, akaifungua, akafunga tena. Watoto humcheka na walimu humkemea.

Mimi ni mmoja wa waliokemea. Miaka mingi nyuma nilimwambia mwanafunzi wangu kuwa imani yake ni dhaifu, basi azidishe nyiradi. Alizidisha. Baadaye nyiradi nazo zikawa za kurudiwa mara kumi kumi kwa kuchelea kukosea herufi. Mikono yake ilibabuka kwa maji na sabuni, na mwishowe akaacha kuja chuoni. Kosa lile nimelibeba mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwa upande wa sheria, jambo hili liko wazi. Tumesoma katika fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtume (S.A.W.) alikataza kuzidisha mara 3 katika kuosha viungo. Na masahaba walipomshtakia mawazo mabaya yanayowajia wasiyothubutu kuyatamka, aliwafahamisha kuwa kule kuyachukia kwao ni dalili ya imani. Kwa hiyo anayejiwa na mawazo ya kufuru bila kuyataka asijihesabu kuwa ametoka katika dini.

Lakini mwenzetu huyu kanuni hiyo anaijua, pengine kuliko sisi. Anaijua na haimtulizi. Mtu akipoteza saa nzima au zaidi kila siku kwa shaka na kurudiarudia, masomo yakaharibika na nyumbani hakukaliki, hayo ni maradhi. Madaktari wanayajua vizuri, nayo huwapata watu takriban 2 katika kila 100, wa dini zote na nchi zote. Mwengine hukagua kitasa cha mlango mara ishirini usiku, mwengine huhesabu hatua zake. Kwetu sisi maradhi haya hupenda kujificha ndani ya udhu na swala.

Wala si mambo ya kizungu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika katika kitabu chake cha Masalih al-Abdan wal-Anfus juu ya mawazo yanayomrudia mtu na kumtesa, akayahesabu pamoja na maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba.

Dawa zake zipo. Ya zamani ni klomipramini, iliyoruhusiwa Marekani kwa maradhi haya mwaka 1989, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Baada yake zilikuja fluoksetini, fluvoksamini na setralini, ambazo aghalabu madaktari huanza nazo kwa kuwa madhara yake ni mepesi zaidi. Zote huongeza kazi ya serotonini, kitu ambacho seli za ubongo hupelekeana habari kwacho. Hazimbadilishi mtu dini wala akili. Zinapunguza ukali wa ile shaka mpaka mtu aweze kuipuuza.

Yapo mambo ya kuzingatia. Kwanza, subira: dawa hizi huchukua wiki 8 mpaka 12 kuonyesha kazi yake kamili, na mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa kuliko kile cha wagonjwa wa huzuni. Wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifai. Pili, mwanzoni huweza kuleta kichefuchefu au kukosa usingizi. Kijana aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na akianza kuwa na mawazo ya kujidhuru daktari aambiwe mara moja. Tatu, zisikatwe ghafla. Nne, Valiamu na dawa za usingizi si tiba ya maradhi haya, na mtu huzizoea akashindwa kuziacha.

Vidonge peke yake havimfai kila mtu, na anayepata nafuu si lazima apone kabisa. Ipo tiba nyengine ya kwenda nayo pamoja: mgonjwa hufundishwa kidogo kidogo kuikabili shaka yake bila kurudia kitendo. Ataosha mara 1, ataondoka hodhini na moyo unamdunda, na ataswali hivyo hivyo. Hapa sisi walimu tuna kazi, kwani fatwa ya kwamba udhu wake umesihi ni sehemu ya dawa. Lakini apewe mara moja tu. Tukimjibu kila anapouliza, tunayalisha maradhi.

Wapo watakaosema haya ni ya sheitani na dawa yake ni kisomo. Nami sikikatai kisomo. Lakini mwenye malaria tunamsomea na tunampeleka hospitali, na hakuna anayesema amekosa tawakkul. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Kwa nini ubongo tuutoe katika amri hiyo? Jibu nalijua: ni haya. Hapa Unguja mtu akitajiwa Kidongo Chekundu, watu hucheka. Kicheko hicho ndicho kinachowafungia wagonjwa majumbani.

Ama Ramadhani isiwe kisingizio. Dawa nyingi kati ya hizi humezwa mara 1 kwa siku, na daktari anaweza kuipanga baada ya futari au wakati wa daku. Muhimu aulizwe kabla mwezi haujaandama.

Ndugu mwanafunzi, ukijiona wewe katika maneno haya, mwambie mzazi au maalim unayemuamini. Na ukimuona mwenzako hodhini, usimcheke. Msubiri, kisha ongozana naye safuni.

Wabillahi tawfiq.