Ni Nani Aliyemziba Mdomo Mchungaji Chilembwe?

Ndugu wapenda haki, upo wimbo ambao masikio yetu yamechoka kuusikia: kwamba mchungaji akae mimbarini na awaachie wakubwa mambo ya utawala. Wauimbao hukimbilia Warumi 13, husoma aya chache, kisha hufunga kitabu upesi. Tuwaulize basi habari za John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi.

Huyu hakuwa mtu wa fujo. Mhubiri Mwingereza, Joseph Booth, alimpeleka Marekani mwaka wa 1897, akasomea theolojia mjini Lynchburg, Virginia. Aliporejea mwaka wa 1900 hakuleta bunduki. Alileta msaada wa Wabaptisti weusi wa Marekani, akaanzisha Providence Industrial Mission huko Chiradzulu. Alifungua shule, akahimiza kilimo, usafi na kuacha ulevi, akajenga kanisa kubwa la matofali lililokamilika mwaka wa 1913. Katika picha zake amevaa suti nadhifu kuliko walowezi wengi. Naam, hata suti hiyo iliwaudhi.

Jirani yake lilikuwapo shamba la Magomero, mali ya ukoo wa Bruce, wajukuu wa yule Daktari Livingstone aliyesifika kwa kupinga utumwa! Humo wakulima walitozwa thangata, yaani kulipia ardhi kwa jasho lao, na siku za jasho hilo alizihesabu bwana shamba kama apendavyo. Msimamizi, William Jervis Livingstone, aliwachapa watu, akawanyima shule, akayateketeza makanisa ya nyasi waliyoyajenga wafuasi wa Chilembwe. Enyi msemao kanisa lisiiguse siasa, tuambieni: ni nani aliyemwendea mwenzake kwanza, mchungaji au mwenye kiberiti?

Ndipo vikaja vita vya 1914. Mwezi wa Septemba Waafrika walikufa Karonga wakipigana na jeshi la Wajerumani, katika ugomvi usiowahusu. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyowamaliza wapagazi wa Afrika Mashariki kwa maelfu, hata Nairobi ikabaki na jina la Kariakor. Chilembwe alifanya nini? Aliandika barua. Mwezi wa Novemba alilipelekea gazeti la Nyasaland Times hoja zake: iweje Mwafrika asahauliwe wakati wa amani, akumbukwe wakati wa kufa? Matajiri na wenye mashamba waende wao wakapigwe risasi, na wajane wa Waafrika watatunzwa na nani? Serikali ilimjibu kwa kuizima barua hiyo isiwafikie wasomaji.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake walivamia Magomero. Livingstone aliuawa na kukatwa kichwa. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakudhuriwa. Hatutaupaka uuaji huo rangi ya utakatifu. Kichwa cha mtu kuwekwa kanisani siku ya Jumapili wakati wa ibada ni jambo la kumtia simanzi kila Mkristo, nasi twaamini kwamba siku hiyo mchungaji aliipoteza njia aliyoishika kwa miaka kumi na mitano. Lakini anayeililia Januari na kuinyamazia Novemba si mpenda amani. Ni mlinzi wa shamba.

Chilembwe alipigwa risasi tarehe 3 Februari akikimbilia Msumbiji. Wafuasi wake kadhaa walinyongwa, na mamia wakafungwa. Kanisa lile la matofali lililipuliwa kwa baruti, kana kwamba matofali nayo yaliasi. Baadaye tume ya serikali hiyohiyo ya kikoloni ilikiri kwamba watu wa Magomero walitendewa vibaya. Ukweli ule ungeweza kusomwa gazetini miezi michache kabla, kwa bei ya gazeti.

Mwaka wa 1926 Dkt. Daniel Malekebu, aliyesomea udaktari Marekani, alirudi na kuifungua tena misheni, na kanisa likajengwa upya. Sasa Malawi hupumzika kila tarehe 15 Januari kwa heshima ya Chilembwe, na sura yake imechapwa kwenye noti za kwacha. Wakubwa hupanda jukwaani na kumsifu kwa sauti ya juu. Muulize yeyote kati yao, akishuka, kama ameisoma ile barua ya Novemba.