Raha si adui wa kasi

Yafaa tukumbuke kwamba baiskeli ya Trek Domane, ambayo mwendesha baiskeli Fabian Cancellara aliipanda akashinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 2013 juu ya mawe makorofi ya kaskazini mwa Ufaransa, ilikuwa na fremu ya raha, yenye egemeo pale bomba la tandiko linapokutana na bomba la juu, ili bomba hilo la tandiko lipate kunesa. Kwa hiyo hoja kwamba raha hupunguza kasi siwezi kuikubali kamwe. Mnunuzi na apime kwanza kimo cha shingo ya usukani kutoka ekseli ya mikono ya pedeli, kisha atazame kama uma una nafasi ya tairi la milimita 32, maana tairi pana lenye upepo wa wastani humstarehesha mpandaji kuliko fremu ya kaboni ya thamani kubwa. Shingo ikiwa chini mno, mgongo huinamishwa kupita kiasi na kuchoka, naye mpandaji akilazimika kuinuka huipoteza ile kasi aliyoitafuta kwa kuinama.