Rozwudi si lazima

Ndugu mwandishi, makala imenikuna, ila hapo uliposema bila gita la Martin D-28 la mti wa rozwudi mtu hawezi kupiga muziki wa bluegrass, siafiki hata kidogo. Doc Watson, aliyewafanya wengi waanze kupiga nyimbo za fidla kwa gita, mwaka 1968 alichukua gita la Gallagher la mahogani lililotengenezwa Wartrace, Tennessee, na nani alimlalamikia? Rozwudi, ndugu wa mpingo wetu, ina besi nzito inayounguruma, tamu sana ukiwa peke yako chumbani. Lakini mimi huku Virginia nikikaa na wenye banjo na mandolini, gita langu la mahogani ndilo linalosikika: kila noti inatoka kavu na kukatika papo hapo, haiburuzi mkia. Na wewe uliyeuliza hapo juu kama gita dogo litafaa, kwa mtindo huu tafuta lenye mwili mkubwa, dreadnought, halafu omba lifungwe nyuzi nene, 13 hadi 56, kabla hujalihukumu. Mengi dukani yana nyuzi nyembamba, ukizichapa kwa nguvu zinagongagonga tu. Muuzaji akinuna, hamia duka la pili, pesa ni zako.