CHAPATI ZA BLUU: PICHA MBAYA NAYO NI UONGO

Leo sina ubuyu wa ndoa ya mtu, naongelea chai ya asubuhi.

Kuna staa mmoja, simtaji, mnamjua tu. Kila siku anatupia picha ya chai yake: mayai, soseji, juisi, matunda yamepangwa kama bibi harusi. Wadau wakaja kushtuka, picha ya Jumatatu na ya Alhamisi sahani ni ile ile, hata soseji iliyomegwa ni ile ile! Watu wakacheka sana. Mimi nikanyamaza, maana kwenye picha za chai na mimi nina dhambi yangu.

Hapa Sumbawanga kuna mama mmoja anauza chai. Chapati zake laini, uji wa ulezi mzito, maharage yameungwa yakaungika. Mwezi wa sita baridi la huku Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, si la kitoto, na watu wanajazana kwake toka saa 12 asubuhi. Nikamwambia, "Mama, ngoja nikutangaze." Nikapiga fasta, nikatupia.

Komenti sasa! "Hizo chapati zimekufa lini?" "Huo uji au tope?" Kuangalia vizuri, chapati zimetoka za bluu. Nilipiga chini ya turubai la bluu, na mwanga ukipita pale unapaka kila kitu rangi yake. Mwanae akamwonyesha kwenye simu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ndivyo chakula changu kilivyo?" Bora angenitukana.

Kesho yake nikarudi. Nikafuta kamera ya simu kwa shati, maana ilikuwa na mafuta. Nikatoa meza nje ya turubai, flashi nikazima. Chapati nikazipiga kwa pembeni, simu chini chini, ili zile tabaka zionekane. Uji nikaupiga nimeelekea jua, nyuma ya bakuli nikaweka sufuria lenye masizi. Wadau, ule mvuke ulivyopanda! Upande wenye kivuli nikashika karatasi nyeupe ya daftari irudishe mwanga. Dakika mbili, nikala vikiwa vya moto.

Sasa kuna watu wanasema kupendezesha picha ni kudanganya. Nakataa. Mwaka 1970 kampuni ya supu ya Campbell ilibanwa na serikali ya Marekani kwa matangazo ambayo bakuli liliwekwa gololi chini, ili nyama na mboga zipande juu supu ionekane imejaa. Huo ndio uongo, umeonyesha kisichokuwepo. Mimi sikuongeza hata punje ya sukari. Picha yangu ya kwanza ndiyo iliyomsingizia yule mama, na ilikuwa haina filta hata moja.

Kwa hiyo ukimpiga mtu picha ya biashara yake, kumbuka ugali wa watoto wake uko kwenye kidole chako. Ikitoka mbaya, usiitupie, rudia.

Na wewe unayeona aibu kupiga kiporo na chai ya rangi kisa staa ana soseji, sogea dirishani kesho asubuhi, piga chai yako mwenyewe. Yake yenyewe ni ya Jumatatu.

Haya, kwenu leo mmekunywa chai na nini? Tupia tuone.