Neno Lina Uzito

Wapo wazazi hapa Tukuyu, na Rungwe kwa jumla, ambao wakimsikia kijana akighani muziki wa kufokafoka humhesabu kuwa amekwisha potea. Hatukubaliani nao.

Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu, alitoa albamu ya Ni Mimi mwaka 1995, akighani kwa Kiswahili wakati wengi waliiga Kiingereza cha Marekani. Mwaka 2010 jirani zetu wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa Mbunge, wakamrudisha mwaka 2015. Mwaka 2018 alifungwa kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais, akaachiwa mwaka huohuo. Mwaka 2020 alishindwa na Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe.

Hatumpigii debe mtu yeyote. Tunalosema ni kwamba neno lina uzito: laweza kumfikisha mtu Bungeni, na laweza kumfikisha gerezani. Kijana anayejifunza kupanga vina hujifunza pia kulipima neno kabla ya kulitoa.

Kwa hiyo wazazi wasiwanyang'anye watoto kalamu na daftari. Wakae kwanza wawasikilize, ndipo wahukumu.